Unywele na Nyonga ya Mkewe

Jina la Unywele alipewa na madereva wa malori. Alikuwa mkereza vyuma, na kwa miaka thelathini na sita alisimama mbele ya mashine ile ile, ndani ya karakana ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta, akikereza shafti, bushi na pini za kila namna. Dereva akileta kipande kilichokatika alitaka chake haraka aondoke zake. Unywele hakuwa mtu wa haraka. Alikuwa akikereza kidogo, anazima mashine, anachukua kalipa yake, kile kipimo cha chuma chenye midomo miwili, anapima, kisha anatikisa kichwa. "Bado," anasema. "Imezidi unywele." Dereva anapiga kelele, anatazama saa, anatoka nje kuvuta sigara. Mashine inawashwa tena. Jina likamganda, ingawa kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimeagana na nywele zote kabla hajatimiza miaka arobaini.

Utani ulizidi kwa sababu mkewe alikuwa msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa saluni: vioo viwili, benchi la kungojea, kigoda cha mteja, na ndoano ukutani yalikoning'inia mafungu ya nywele za bandia. Wateja hawakuchoka kumchokoza.

"Dada, unasuka mtaa mzima, huyo wa nyumbani amekushinda nini?"

"Huyo nilimsuka mpaka zikaisha," alijibu bila kuinua macho, na vidole vikiendelea.

Mwanamke huyu alizaliwa na nyonga mbovu upande wa kushoto. Utotoni hakuna aliyejua. Walisema tu kwamba anachechemea, na yeye akakua akichechemea, akacheza, akaolewa, akazaa watoto wawili ambao sasa walikuwa na nyumba zao. Mguu haukumnyima kitu mpaka alipoikaribia hamsini. Hapo maumivu yakaanza. Kwanza jioni tu, akishamaliza kazi. Kisha na asubuhi. Kisha yakawa ya kila hatua.

Unywele hakuwa mtu wa maneno ya kubembeleza. Kila maumivu yalipopiga hatua, naye alikereza kitu. Alianza na kiatu: alimkatia mkewe kisigino cha mpira cha kufidia mguu mfupi, akampelekea mshona viatu akibandike. Akaweka bomba la kushikilia bafuni. Akainua kitanda kwa vikombe vinne vya chuma ili mkewe asihangaike kunyanyuka. Akatengeneza fimbo nyepesi yenye ndoano ya kuokotea chanuo likianguka. Nyumba ikajaa vyuma mpaka shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, akawa akifika mlangoni anauliza kama hapa ni nyumbani au gereji.

"Shemeji, siku utakapomtia dada yangu nati na boliti, uniite nije nishuhudie," alisema.

Siku hiyo haikuwa mbali sana.

Mwaka mmoja ulifika ambapo msusi hakuweza tena kumaliza kichwa kimoja bila kuuma meno. Mteja akikaa, yeye anaanza, baada ya nusu saa anaomba radhi na kwenda chumbani kujilaza. Mteja anabaki na kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Wengine waliacha kuja, si kwa ubaya, bali kwa kumhurumia. Yeye huruma hiyo ilimuudhi kuliko maumivu yenyewe.

Wakaenda hospitali kubwa. Daktari wa mifupa, mtu mpole mwenye mikono mipana kama ya fundi mwashi, alitundika picha kwenye ubao wa taa, akazitazama kwa muda mrefu.

"Nyonga hii inatakiwa itolewe, iwekwe ya bandia," alisema. "Shida ni moja. Nyonga za bandia zinatengenezwa kwa saizi, kama viatu. Mama hapa hana saizi. Kikombe cha nyonga yake hakikuwahi kuwa na kina, kimelika hadi kimekuwa kama kisahani. Na mfupa wa paja ni mwembamba kwa ndani, halafu umejipinda. Hata shina dogo kabisa tulilonalo haliingii. Itabidi atengenezewe yake peke yake."

Msusi alikuwa amefungua mdomo aulize swali. Mumewe alimtangulia.

"Basi nitamkerezea mimi."

Daktari akamtazama aone kama anatania. Unywele alikuwa ameshatoa kalipa mfukoni.

"Nyonga si ni tufe na kikombe?" alisema. "Viungo vya usukani wa malori ni hivyo hivyo. Nimevitengeneza zaidi ya elfu moja. Niachie vipimo tu."

"Mzee, mkono wako sina shaka nao," daktari alisema taratibu. "Lakini lori ukilikosea linarudi gereji. Mama huyu nikimfungua mara moja, nataka nimfunge mara moja." Kisha, kwa kuwa alikuwa muungwana, akaongeza: "Wanaovitengeneza wako hapa hapa, ghorofa ya chini. Nenda kawaone. Waambie nimekutuma mimi."

Mkewe alingoja mpaka walipofika kwenye korido. Hapo akamfinya mkono.

"Unataka kuniwekea kipuri cha lori?"

"Si kipuri cha lori. Ningetumia chuma kizuri."

Mkewe alicheka hadi ikabidi aegemee ukuta.

Siku ya pili yake Unywele alishuka ghorofa ya chini akiwa amevaa shati lake la kutokea. Alitarajia karakana. Alikuta chumba cheupe kisicho na harufu ya mafuta wala nyuzi za chuma sakafuni, na kabla hajaingia akapewa mifuko ya kuvalia juu ya viatu. Mhandisi aliyempokea alikuwa binti mwenye umri kama wa kitinda mimba wake, miwani ameipandisha juu ya kichwa.

"Karibu, mzee. Daktari ameniambia wewe ni mwenzetu."

Neno hilo lilimlainisha kidogo. Akamfuata hadi mbele ya mashine iliyokuwa kama kabati la nguo, yenye kidirisha kidogo. Ndani, mwanga mkali ulikuwa unakimbia juu ya unga wa kijivu, unaandika, unazimika, kisha ubao unatandaza unga mwingine juu yake.

"Huo ni unga wa titani, chuma chepesi kisichoshika kutu," mhandisi alieleza. "Mwanga unauyeyusha pale tu tunapotaka. Tabaka juu ya tabaka, mpaka kiungo kinasimama. Sisi hatuanzi na pande la chuma tukaondoa, kama kwenu. Tunaanza na hewa tukaongeza."

"Na kila tabaka lina unene gani?"

"Jembamba kuliko unywele," alisema, halafu jicho likamwangukia kwenye kile kichwa kilichong'aa, akajiuma ulimi. "Samahani, mzee. Namaanisha…"

Unywele alicheka kwa sauti ambayo chumba kile pengine hakikuwahi kuisikia. Ikabidi amweleze habari ya jina lake, na kuanzia hapo wakaelewana.

Mhandisi akafungua droo, akatoa kitu cheupe cha plastiki, akamwekea mkononi. "Hii ndiyo nyonga ya mama. Tumeitoa kwenye picha za skani. Tunaitumia kujaribia."

Alikuwa ameshika vyuma maisha yake yote, na vidole vyake vilizoea kusoma. Vikaanza kusoma. Vikapita juu ya paja lililojipinda, vikashuka kwenye kile kikombe kisicho na kina, vikakuta ukingo uliosagika. Pale mfupa ulikuwa umeteleza na kurudi, umeteleza na kurudi, kwa miaka. Beringi katika hali ile, angeitupa bila kufikiri mara mbili. Na juu ya kitu hiki mkewe alikuwa akisimama, akimletea chai karakanani, akikataa kuketi kwa sababu kunyanyuka ni kazi.

Aliigeuza, akaigeuza tena. Mhandisi alijifanya ana jambo la kutazama kwenye kompyuta.

Kisha alirudi kwenye vipimo, kwa kuwa huko ndiko alikokuwa na uhakika. "Mguu wake unapungua milimita thelathini na nane," alisema. "Kisigino cha kiatu nimekikata mwenyewe. Kwenye mpango wenu mmeweka ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Mmekosea milimita kumi na mbili."

"Hatujakosea, mzee. Tumeziacha makusudi." Akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Chuma naweza kukipa urefu wowote. Lakini nyuma ya nyonga unapita mshipa wa fahamu, mnene kama kidole changu hiki. Umezoea mguu mfupi kwa zaidi ya miaka hamsini. Ukiuvuta sana kwa siku moja, unagoma. Mama anaweza kuamka na unyayo usionyanyuka. Daktari ndiye aliyeweka kikomo, na mimi sikipiti."

Unywele hakuridhika. Katika kazi yake, kitu kilikuwa sawa au hakikuwa sawa. Kuacha milimita kumi na mbili kwa kujua, kwake ilikuwa sawa na kumkabidhi mtu shafti iliyopinda na kumtakia safari njema. Alirudi nyumbani amenuna, akamkuta mkewe amejilaza kwenye kochi na mdogo wake ana kikombe cha chai mkononi. Akaimwaga habari yote: kikomo, mshipa, milimita kumi na mbili. Akasema kesho atarudi kwa daktari, na asiposikilizwa atapanda kwa mkubwa wake.

Mkewe alimwacha amalize.

"Kwani wewe ndiye utakayeitembelea?" aliuliza.

"Nasema tu kwamba…"

"Umenipima kiatu, umenipima kitanda, umenipima hadi choo. Hujaniuliza nataka nini."

Shemeji akainamisha uso ndani ya kikombe. Unywele akakaa.

"Haya. Unataka nini?"

"Nataka kulalia ubavu wangu wa kushoto. Nina miaka mingapi sijaulalia? Na nataka kumaliza kichwa kimoja, kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kung'ata meno. Basi. Hizo kumi na mbili zako nitazivaa kwenye kiatu. Nimezaliwa nachechemea, nikibaki na kidogo cha kuchechemea, watu watanijuaje?"

Unywele aliukumbuka mpira wa kiatu, vikombe vya kitanda, bomba la bafuni. Kweli hakuwa amemuuliza. Alikuwa amehangaika na nyonga ile miaka na miaka, na siku zote alidhani haja ya mwenye nyonga ni ile ile aliyoiona yeye kwenye kalipa.

"Sawa," alisema hatimaye. "Ishirini na sita."

"Asante, daktari," shemeji akasema, na wote watatu wakaangua kicheko.

Wiki ile ile mhandisi aliomba msusi mwenyewe ashuke chini, amwonyeshe anavyofanya kazi. Msusi akaketi, akapanua magoti, akamkalisha mhandisi mbele yake kama mteja kwenye kigoda, akainama. Daktari alikuwapo. Akatikisa kichwa. Baada ya upasuaji, alisema, mambo ya kuinama juu ya kigoda yasahaulike. Nyonga mpya isikunjwe hivyo, inaweza kuchomoka. Mteja aje juu, si msusi ashuke chini.

Unywele, aliyekuwa amesimama pembeni mikono nyuma, alisikia kazi yake inaitwa. Kiungo kilichukua wiki sita kutengenezwa, na katika wiki hizo sita naye alikuwa karakanani kila alasiri akitengeneza kiti. Alikiwekea beringi ya lori ili kizunguke bila kulia, mguu wa skrubu nene wa kukipandisha na kukishusha, na mkono wa kukizungushia ambao msusi angeufikia akiwa amesimama wima. Aliujaribu mzunguko wake kwa kukikalia mwenyewe, akizunguka taratibu katikati ya karakana, huku madereva wawili wakimtazama bila kuthubutu kuuliza.

Siku ya upasuaji waliingia hospitali kabla jua halijawa kali. Msusi alikuwa ametulia kuliko wote. Alivua pete yake akampa mumewe, akamkabidhi mdogo wake simu na mkoba, akasema wasigombane. Wakamsukuma kwenda. Unywele na shemeji yake wakaketi kwenye benchi la korido, na ndani ya dakika tano aligundua kwamba benchi linayumba. Akapiga magoti, akaanza kukaza skrubu kwa ncha ya ufunguo wa nyumba.

"Shemeji, tafadhali," yule mwanamke akanong'ona. "Watatufukuza."

"Mtu anaweza kuanguka."

Aliikaza ile, akaikaza na ya benchi la jirani. Kisha skrubu zikaisha, akabaki na mikono yake. Saa moja ikapita, ya pili, ya tatu nayo ikaanza kuyoyoma. Shemeji aliacha mzaha. Akamshika mkono.

Daktari alitokea akiwa bado na kofia ya kijani. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini hatua zake zilikuwa za mtu asiye na mzigo.

"Imekaa," alisema.

Unywele akasimama. "Imekaa vipi?"

Daktari alitafakari, kana kwamba swali hilo lilistahili kujibiwa vizuri. "Unajua, lile shina tunaligonga taratibu liingie kwenye mfupa. Unagonga, unasikiliza. Mwanzoni sauti ni nyepesi. Likifika nyumbani kwake, sauti inabadilika."

"Inakuwa nzito," Unywele alisema.

"Inakuwa nzito."

"Kama bushi ikifika mwisho wa tundu lake."

"Sijawahi kugonga bushi," daktari alisema, "lakini nadhani ndiyo hiyo hiyo."

Wakatazamana wakitabasamu kama watu waliosoma shule moja. Sauti ile Unywele aliijua kuliko sauti ya mtu yeyote. Kwa miaka thelathini na sita ilikuwa ndiyo ishara yake ya kuweka nyundo chini. Akaomba aonyeshwe pa kunawa uso.

Siku zilizofuata hazikuwa lelemama. Msusi alisimamishwa kesho yake, ameshika fremu ya kutembelea, na hatua yake ya kwanza aliisindikiza na maneno ambayo shemeji hakutegemea kuyasikia kwa dada yake. Mguu ulimtisha. "Mmenirefusha sana," alilalamika. "Najiona kama nimekanyaga ngazi upande mmoja." Mtaalamu wa mazoezi akamwambia ni mwili wake uliosahau kukaa sawa, ungekumbuka. Unyayo ulinyanyuka vizuri. Ndilo jambo la kwanza daktari alilolitazama, na Unywele aliona jinsi alivyolitazama, akajua kwamba lile la mshipa halikuwa kisingizio. Alipokutana na mhandisi kwenye lifti alimwambia hivyo hivyo. "Binti, zile kumi na mbili ulifanya vizuri kuziacha." Mhandisi alishusha miwani yake machoni, akasema ataliandika mahali, maana wakereza vyuma hawasemi hivyo kila siku.

Nyumbani, ambako shemeji alikuwa amehamia kwa muda kumsaidia dada yake, fremu ikapisha magongo mawili, magongo mawili yakapisha moja. Jioni moja, kama miezi mitatu baadaye, Unywele alikuwa jikoni akimenya viazi. Akasikia mtu anakuja koridoni, hatua laini zenye kufuatana sawasawa.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "dada yako ameamka?"

Hatua zikakoma. Akageuka. Mlangoni alisimama mkewe, mikono mitupu, kiatu chenye kisigino chembamba cha milimita kumi na mbili mguuni.

"Ameamka," alisema.

Unywele aliangalia miguu yake, akaangalia uso wake, akaangalia tena miguu. Kiazi kilimponyoka kikabiringika chini ya meza, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakufikiria kukikimbilia. Alijifuta macho kwa kiwiko, akasingizia kitunguu. Kitunguu chenyewe kilikuwa bado ndani ya kapu.

Ubavu wa kushoto nao ulirudi kazini, na kumbe ulikuwa na mambo yake. Akilalia upande huo msusi alikoroma, na alikoromea moja kwa moja sikioni mwa mumewe. Unywele alimpelekea shemeji malalamiko rasmi. Shemeji akamwambia dhamana ya nyonga haihusu pua.

Saluni ikafunguliwa. Kile kiti kilipendwa na watu, isipokuwa mteja mmoja mfupi ambaye miguu yake ilining'inia hewani, akadai anahisi yuko kwa daktari wa meno. Kufikia kesho yake kiti kilikuwa na pa kuwekea miguu. Wateja wa zamani walirudi mmoja mmoja, wakitaka kwanza waonyeshwe jinsi anavyotembea, na yeye akawazungukia chumba kizima, mara moja kwa kila mteja, kama mtu anayejaribu gauni.

Kisha kukawa na harusi mtaa wa pili, na msusi akachukua vichwa saba kwa siku mbili: bibi harusi, mama yake na wapambe watano. Mumewe alimwambia ni vingi. Akamjibu kwamba wenye harusi wameuliza bei, hawakuuliza ushauri wake, akabeba kapu lake akaondoka kwa miguu yake. Siku ya pili alirudi jua linazama, akajitupa kwenye kochi.

Unywele alikuja upesi kutoka uani. "Nyonga?"

"Nyonga gani?" aliuliza mkewe, kwa mshangao wa kweli. Akainua mikono miwili mbele ya uso wake, akaikunjua na kuikunja. "Vidole ndivyo vilivyokufa ganzi. Saba, mume wangu! Na yule mama wa bibi harusi ana nywele kama katani."

Akampa mkono wa kulia. Unywele akaketi kando yake, akaanza kuvikanda vidole kimoja kimoja, wakati mkewe akimsimulia nani alivaa nini na nani alinuna. Kabla hajafika kwa bwana harusi, akasinzia.